Nilifuata Kiti, Nikamkuta Mkutubi: Mwaka Wangu na Maktaba ya Umma

Nilijiandikisha maktaba kwa sababu ya kiti. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, na nyumbani kwetu mchana hakukaliki: televisheni huku, watoto kule, simu ya kila mtu inalia. Nikasikia maktaba ya umma ina meza, umeme na intaneti, na hakuna anayekuuliza umefuata nini. Nikaenda na kitambulisho na karatasi ya kuthibitisha ninapoishi, nikajaza fomu ya ukurasa mmoja, nikatoka na kadi siku hiyohiyo. Ada hakuna. (Ilani ya maktaba za umma ya IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, na UNESCO, ambayo toleo lake la karibuni ni la 2022, inasema huduma hizi kimsingi ziwe bila malipo. Kwetu unalipia kuchapa na kutoa nakala tu.) Kwa miezi miwili nilikuwa mwanachama wa kiti. Vitabu nilivipita kama mtu anavyopita ukuta.

Kilichonibadilisha ni mdudu. Nilipewa mwongozo wa ufugaji nyuki niutafsiri, na ndani yake kila baada ya kurasa mbili kulikuwa na varroa. Nikapekua mtandaoni nusu siku, nikaona kitu chekundu-kahawia kimemng'ang'ania nyuki mgongoni, nikaandika "chawa wa nyuki" na kuendelea. Nilipofika sura ya dawa, maelezo hayakuingiliana na chawa hata kidogo. Ndipo nikainuka kitini na kwenda deski la marejeo, ambalo siku zote nilidhani ni mahali pa kuulizia choo.

Nikamwambia mzee aliyekaa pale, "Naomba kuonyeshwa vitabu vya nyuki." Hakuonyesha kidole. Aliuliza, "Unafuga, unasoma, au unaandika?" Nikasema natafsiri. "Unamtafsiria nani, mtaalamu au mfugaji?" Mfugaji. "Na umekwama wapi hasa?" Nikamwonyesha. Baadaye nilikuja kujua kwamba maswali yale hayakuwa udadisi wa mtu mzima mwenye nafasi. Wakutubi wanafundishwa kuuliza hivyo, kwa sababu anachotaja mtu kaunta mara nyingi sicho kilichomleta. Mimi nilitaja nyuki. Shida yangu ilikuwa neno.

Akanipeleka rafu mbili zisizokaribiana. Nyuki, alinieleza, wana makazi mawili humu, kwa namba zinazobandikwa migongoni mwa vitabu: 595.79 wakiwa wadudu wa porini pamoja na nyigu na siafu, na 638 wakiwa mifugo. Ningekwenda mwenyewe ningeona upande mmoja tu na kurudi kitini nikijua nimemaliza. Katika kitabu cha upande wa kwanza nilikuta picha mbili zikitazamana. Wa kwanza ana miguu sita: Braula, ambaye kwa kweli ni nzi asiye na mabawa, na ndiye watu humwita chawa wa nyuki, madhara yake kwa kawaida ni madogo. Wa pili ana miguu minane. Huyo ndiye varroa, na kiumbe wa miguu minane si chawa, ni jamaa wa kupe. Kiswahili kinamwita utitiri, neno ambalo kila mfuga kuku analijua. Nilikuwa nimeandika kurasa thelathini za kumtuliza mfugaji kuhusu mdudu anayeweza kummalizia mzinga mzima.

Sijawahi kupata huduma ya namna hiyo mahali nilipolipia.

Tangu siku hiyo natumia deski lile kila wiki, na ushauri wangu kwa mwanachama mpya ni kutotaja mada. Taja shida. Ukisema "vitabu vya afya", utaelekezwa 610 na ubaki umesimama mbele ya mamia ya vitabu. Ukisema "mtoto wangu halali usiku na daktari ametumia neno ambalo sikulielewa", utapewa kurasa tatu za kusoma.

Kuhusu hizo namba nina neno. Mpangilio ni wa Mmarekani Melvil Dewey, wa mwaka 1876, na ukiuzoea ni rahisi kuliko unavyotisha. Lakini tembea rafu za 800, za fasihi, uone ulivyogawanywa: Wamarekani wanaoandika kwa Kiingereza wana 810 yote, Waingereza 820 yote, Wajerumani 830, Wafaransa 840. Sisi? Fasihi za lugha nyingi za Afrika zimesongamana ndani ya namba moja, 896, na Kiswahili ni 896.392, mkia mrefu kuliko jina la kitabu. Nilimwuliza mzee kama haimuudhi. Akacheka, akasema lebo zetu ndizo zinazobanduka mapema kwa sababu hazitoshi mgongoni mwa kitabu. Maktaba nyingi, hii ikiwemo, zimetoa riwaya kwenye namba na kuzipanga kwa jina la mwandishi, kwa hiyo msomaji wa hadithi hapati taabu. Mshairi ndiye bado anaishi kwenye desimali.

Shughuli nyingine nitazipitia haraka. Kipindi cha hadithi kwa watoto ni kizuri kuliko nilivyotarajia, na uzuri wake ni kwamba msomaji hasomi tu, anasimama katikati ya ukurasa na kuuliza "mnadhani atafungua mlango?" Binti yangu wa miaka minne sasa ananifanyia hivyohivyo nikimsomea, na akijibu mwenyewe hataki nigeuze ukurasa mpaka nikubali. Klabu ya wasomaji ni ya watu sita wanaojuana mno. Nilikwenda mara mbili. Mafunzo ya kompyuta kwa wazee sikuyapenda. Kijana anayefundisha anajua kompyuta lakini hajui kwamba mtu anaweza kushika kipanya kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sabini, mkono ukitetemeka, na asihitaji kuharakishwa.

Na Mama. Presha ya macho imemwibia nuru taratibu, kuanzia pembeni, na kilichokwenda hakirudi. Mwanzoni tulimwazimia vitabu vya herufi kubwa, zile za ukubwa wa 16 kwenda juu. Vikamfaa kama miezi minne, kisha navyo vikamshinda. Alikuwa msomaji hasa, wa kusoma akisubiri maji yachemke. Nilipompelekea habari za vitabu vya kusikiliza alikataa papo hapo: "Nisomewe kama mtoto?"

Mzee wa deski ndiye aliyejua la kufanya. Alinipa kicheza sauti cha DAISY, nikakichukulia kuwa ni rekoda tu. Sivyo. Kitabu cha DAISY kina mpangilio ndani yake: unaruka sura kwa sura au ukurasa kwa ukurasa, unaweka alama, unaongeza kasi ya msomaji au kuipunguza. Kwa Mama hiyo kasi ndiyo iliyomaliza ubishi. Msomaji alikuwa anaburuta maneno, Mama akabonyeza, akabonyeza tena, mpaka sauti ikawa kama ya mtangazaji wa mpira, kisha akaegemea na kusema, "Sasa ndiyo nasoma mimi." Kasi ile mimi siiwezi.

Nilitaka kujua inakuwaje vitabu hivi vipo wakati wachapishaji wake hawajawahi kutoa matoleo ya sauti. Jibu ni Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi 2016. Katika nchi zilizouridhia, asasi zinazohudumia wasioona zinaruhusiwa kutengeneza nakala ya sauti, ya Breli au ya herufi kubwa bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki, na kuzipeleka hata nje ya mpaka. Si kwa vipofu pekee. Hata mtu ambaye mikono yake haiwezi kushika kitabu na kufungua kurasa anahesabiwa. Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu hakuna tangazo lake popote ukutani. Lipo tangazo la kutokula, la kutopiga kelele na la kutoweka miguu kwenye viti, lakini la kumwambia mtu mwenye mzazi asiyeona kwamba kuna kifaa chake kabatini, hakuna. Ningeacha kuuliza, Mama angekuwa amekaa tu.

Vitabu vya kielektroniki ndivyo vilivyonikera zaidi. Nilifikiri faili haina foleni. Ina foleni, tena ndefu: mara nyingi leseni moja inayonunuliwa na maktaba ni ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja, kama vile kuna karatasi mahali fulani. Na leseni hiyo huisha, ama baada ya muda ama baada ya idadi fulani ya kuazimwa. Mwaka 2011 mchapishaji mmoja mkubwa alitangaza kwamba kitabu chake kikishaazimwa mara 26 maktaba inunue upya. Kosa si la maktaba, najua. Ila ungenikuta siku niliyoambiwa mimi ni wa kumi na tisa, ungenisikia nikiilaumu.

Faini nayo. Kitabu kilidondoka nyuma ya kitanda, nikakiona baada ya wiki tano, na kadi yangu ilikuwa imefungwa: huazimi mpaka ulipe. Nililipa. Lakini nilimwona mwanafunzi mbele yangu akiambiwa hivyohivyo, akarudisha kadi mfukoni, akaondoka, na sijamwona tena. Chicago walifuta faini za kuchelewesha mwaka 2019, na miji mingine imefanya hivyo. Mtu aliyepoteza kitabu alipe kitabu, hilo sawa. Aliyechelewa anyimwe kingine mpaka arudishe, basi.

Saa za kufungua zinamfaa asiye na ajira. Soketi za umeme ni chache, na wenye kujua hufika mapema kuzikalia. Kitabu kimoja cha sheria nilikikuta kimechanwa sura nzima, tena ile niliyoifuata; aliyeichana alikuwa na shida kama yangu, na mashine ya kutoa nakala ilikuwa hatua kumi kutoka pale alipokaa.

Jana Mama aliniuliza kama sehemu ya pili ya kile kitabu imefika. Haijafika, kuna mtu anayo, na sisi ndio tunaofuata. Nilimwomba mzee aninong'oneze tu ni nani, nimpitie nimkumbushe. Alinitazama juu ya miwani kana kwamba nimemwomba funguo za nyumba ya jirani.

"Mwanangu, hata wewe ulichoazima simwambii mtu."