Winchi ya kutolea injini ya Canter au Land Cruiser nyumbani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Injini ya Vitz mafundi watatu wanaweza kuitoa kwa ubishi. Ya Canter (4D33) au ya Land Cruiser (1HZ), zote za lita 4.2, haitaki ubishi. Ukiitoa pamoja na giaboksi piga hesabu ya nusu tani, kisha nunua vifaa vya tani moja kwenda juu. Na kabla ya kuuliza bei ya winchi yoyote, jiulize itaning'inia wapi. Watu wengi hununua ndoano nzuri, halafu wakaifunga kwenye kenchi ya nyumba. Kenchi zilipigiwa kubeba bati, na tawi la mwembe halikupimwa na mtu.

Namba moja: chenibloku na fremu ya kuchomelea

Chenibloku ni winchi ya cheni inayovutwa kwa mkono. Kwa gari kubwa, ikining'inizwa kwenye fremu haina mpinzani. Fremu ya miguu minne hulipanda gari kwa juu, upande huu na ule, kwa hiyo haigombani na tairi wala bampa. Kwenye Canter faida yake ni kubwa zaidi: kabini ikiinuliwa inalalia mbele, injini inabaki nyuma yake, na kreni ya kuingilia mbele haina pa kupita.

Mpe fundi wa kuchomelea vipimo, usimwachie akisie. Kwa upana wa mita 3 na mzigo wa tani moja, boriti ya chuma ya umbo la I yenye kimo cha milimita 160 inatosha. Miguu iwe na vishikizo vya mshazari pande zote mbili, maana fremu nyingi za uani hazivunjiki katikati, zinalala ubavu. Kimo kiwe mita 3 au zaidi: jumlisha urefu wa chasi kutoka chini, injini yenyewe, cheni za kufungia, na karibu nusu mita inayoliwa na chenibloku. Ikifika, ijaribu kwa mifuko 16 ya saruji juu ya chaga, ambayo ni kilo 800, ikiwa sentimita chache tu kutoka ardhini. Injini ikishapanda, lisogeze gari na fremu ibaki palepale. Kusukuma fremu yenye injini hewani ndiko kunakoleta ajali.

Chenibloku yenyewe, mimi ningechukua mtumba wa Kijapani wa tani 2 kuliko mpya isiyo na jina. Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, usinunue kabla hujaining'iniza. Vuta cheni ya mkono kama unapandisha: lazima usikie ta-ta-ta, ndiyo meno ya breki yanavyopita. Ikiwa kimya, breki imekwama na haitashika mzigo. Angalia mdomo wa ndoano kama umepanuka na kifungio chake kama kinarudi chenyewe. Pitisha kidole kwenye pingili za cheni, hasa zinapogusana, zilizolika zinahisika. Na ukiikuta imelowa oili hadi ndani ili ing'ae, iache. Breki ya chenibloku nyingi hufanya kazi kavu, na oili inaitelezesha.

Namba mbili: kreni ya kukunja, ya tani 2

Hii ni ile ya magurudumu inayoingiza mkono wake kutoka mbele ya gari. Ni nzuri kwa Land Cruiser, mradi sakafu yako ni ya zege laini. Kwenye udongo au tofali za uani magurudumu yake madogo hayaendi, na ukilazimisha inapinduka. Hiyo "tani 2" kwenye kibandiko ni pale mkono ukiwa mfupi kabisa. Ukiurefusha hadi tundu la mwisho, nyingi hushuka hadi kilo 500, na pua ndefu ya Land Cruiser itakulazimisha kuurefusha. Ya tani 1 ipite tu. Ikirefushwa mwisho, nyingi hubaki na kilo 250.

Namba tatu: kukodi lori la kreni

Kama kazi ni ya mara moja maishani, huenda ikawa nafuu kuliko yote hapo juu. Kumbuka tu unalipa mara mbili, kutoa na kurudisha, na dereva hatakusubiri ukitafuta bolti ya giaboksi. Kwa Fuso yenye injini ya 6D16 ya lita 7.5 usifikirie kingine.

Namba nne: winchi ya umeme

Namba zake ni mbili, mfano 400/800. Kilo 800 ni kwa kamba iliyokunjwa kwenye kapi, na hapo kimo cha kunyanyulia kinapungua nusu. Tatizo langu nayo ni kwamba inashtua. Injini inapokaa kwenye mauntini (vishikizo vyake kwenye chasi) unataka kushusha milimita, yenyewe inajua kwenda na kusimama tu.

Usinunue kabisa: winchi za waya za mkono zilizoandikwa "tani 4". Ni za kuvuta gari kwenye tope, hazikutengenezwa kunyanyulia.

Ikibaki hela, ongeza shekeli (pingu za chuma za kuunganishia cheni) zenye uzito ulioandikwa juu yake na chuma cha kusawazishia injini chenye mkono wa kuzungusha. Cheni mbili za kufungia zisilale sana: zikiwa nyuzi 30 kutoka usawa, kila moja inavutwa kwa uzito wote wa injini, zikisimama nyuzi 60, kila moja inabeba kama asilimia 58. Stendi ya injini ya mguu mmoja achana nayo kwa 1HZ. Injini itue kwenye tairi kuukuu la lori, magogo yakiikaza pembeni ili sampu (bakuli la oili chini yake) isibebe uzito.