TAHADHARI: Anayeuza vibali vya Kilimanjaro kwa namba yake ya simu ni tapeli

Ndugu zangu, na wote mnaochanga pesa ili mpande Mlima Kilimanjaro mwezi wa Desemba, msitume hata shilingi kabla hamjasoma hapa. Kuna mtu anazunguka kwenye vikundi anajiita "wakala wa vibali". Ana sauti ya upole, anavaa koti la kijani lenye nembo kifuani, na ana majibu ya kila swali. Ni tapeli. Amekula michango ya kikundi chetu kizima tuliochangishana ili tupande mlima, na fedheha aliyotupatia pale getini Marangu sijui nitaifuta vipi mbele ya wazee walionikabidhi daftari la michango.

Wa kikundi chetu, habari ya michango mnaijua, sirudii. Ninaandika kwa sababu tangu turudi kila nikipita nasikia, "Lakini na ninyi, mnamwaminije mtu wa simu?" Basi nijibu hapa, mara moja.

Huyu hakutujia kama mtu wa simu. Aliletwa na shemeji, akaingia sebuleni, akavua viatu, akanywa chai na sisi. Mwalimu wetu mstaafu, aliyefundisha jiografia maisha yake yote na hajawahi kuukanyaga mlima wenyewe, alimhoji kwa makusudi. Akamuuliza Marangu na Machame zinatofautianaje. Jamaa akajibu bila kumeza mate: Marangu ndiyo njia pekee ya kulala vibandani, unaanza Mandara, unakwenda Horombo, unamalizia Kibo, njia nyingine zote ni mahema. Horombo iko mita 3,720, akasema, na wenye akili hulala pale siku ya ziada ili mwili uzoee hewa nyepesi. Akaja na habari ya Luteni Alexander Nyirenda na mwenge uliowashwa kileleni wakati wa Uhuru mwaka 1961, kwamba ndiyo maana kila tarehe 9 Desemba Watanzania wanajaa mlimani. Yote hayo ni kweli! Mwalimu akanigeukia akasema, "Huyu mlima anaujua." Mtu akithibitishwa na mwalimu, mimi ni nani nimkatae?

Na kwenye ada vilevile. Alituandikia kwenye karatasi kwamba mgeni hulipa dola 70 kwa siku kwa uhifadhi peke yake, kodi bado, malazi bado, ada ya uokoaji bado, wakati sisi raia tunalipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana. Nalo ni kweli. Ada ya uokoaji ipo kweli. Ndivyo alivyotuingia: anakupa ukweli, anakupa ukweli, anakupa ukweli, halafu anachomeka uongo mmoja katikati na wewe unaumeza pamoja na mengine. Uongo wenyewe ulikuwa huu: kwamba nafasi za raia zinatolewa kwa mgao, zinakaribia kwisha, na yeye ana mtu ndani wa kutushikia vitanda Horombo.

Sasa siku ya kulipa. Ilikuwa jioni, nimekaa na daftari mapajani, majina yote yana tiki, pesa yote iko kwenye simu yangu, milioni mbili na laki nne. Akanitumia namba ya malipo ya serikali, tarakimu kumi na mbili, inaanza na 99 kama zinavyoanza zote. Nikaiingiza. Simu ikakataa, namba si sahihi. Nikairudia polepole, tarakimu kwa tarakimu, huku dada yangu akinisomea. Ikakataa tena. Nikampigia. Nyuma yake nikasikia kelele za watu, gari linarudi nyuma, mtu anaita "anayefuata!" Akaniambia, "Dada yangu, niko hapa dirishani, mfumo uko chini tangu asubuhi. Wenzenu wa kikundi kingine wamemlipa mhasibu moja kwa moja, anawaingizia mfumo ukirudi. Vitanda vinaondoka hivi naviona." Niambieni ni nani katika nchi hii hajawahi kuambiwa dirishani kwamba mfumo uko chini. Akanitumia namba. Likatokea jina la mwanamke. Nikamuuliza huyu ni nani. Akacheka kidogo, akasema, "Ndiye mhasibu wetu, mama mmoja mcha Mungu sana." Hakukata simu. Alibaki hewani ananisubiri niweke namba ya siri, na ujumbe ulipoingia akasema, "Imefika, Mungu awabariki sana mama zangu." Kila usiku nayasikia maneno hayo.

Siku iliyofuata kibali kikaja kwenye WhatsApp. Nembo ipo, majina yetu yote yamepangwa, namba zetu za NIDA, za kitambulisho cha taifa, zipo, mhuri upo, na kile kimraba cha kuskani kipo. Nikakichapisha kwa rangi. Baadaye akarudi tena: mwalimu amepita miaka sitini, kwa hiyo anahitaji kibali cha wazee, laki moja na nusu. Tukamchangia mwalimu wetu. Tena kwa furaha.

Pale getini sasa. Vikundi vingine vimefika, wagumu wao, yaani wapagazi, wanapanga mizigo kwenye mizani, maana mgumu haruhusiwi kupita kilo 20, kila kitu kinakwenda kwa utaratibu wake. Sisi tumesimama na makoti mapya. Kijana wa dirishani akapokea karatasi yangu kwa heshima zote, akaandika namba ya kibali kwenye kompyuta, akatazama, akaandika tena. Akaniuliza, "Mama, kampuni yenu ni ipi?" Nikamtajia jina la jamaa. "Huyo ni mtu. Nauliza kampuni." Sikuwa na la kusema. Akageuza kioo cha kompyuta nikaona mwenyewe: ile namba ni ya kibali halali kabisa, cha kikundi kingine, cha kampuni nyingine, watu waliokwisha kupanda na kushuka zamani. Jamaa alichukua karatasi yao, akafuta majina yao, akabandika ya kwetu.

Nikauliza kile cha wazee je, labda hicho ni cha kweli. Kijana akatikisa kichwa. Hakuna kibali cha wazee. Anayetaka kufika kileleni anatakiwa awe ametimiza miaka kumi, lakini umri wa mwisho haupo. Mwalimu alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Hakunilaumu, na hilo ndilo limeniuma kuliko matusi niliyopata kwa wengine.

Kuna watu ambao sijaona mtu akiwataja. Vijana waliopigiwa simu waje kutubebea mizigo walikuwa wamesimama nje ya geti tangu alfajiri. Hawakupewa hata nauli. Nao walidhani wana kazi. Mtu anayemdanganya mgumu, kijana anayepanda mlima na mzigo kichwani ili apate ada ya shule ya mdogo wake, huyo hana utu hata kidogo.

Tulimpigia pale pale. Ikaita mara moja, ikakatwa. Ya pili haikupatikana. WhatsApp tiki moja mpaka leo. Yule "mhasibu mcha Mungu" naye laini imezimwa.

Kwa hiyo wanaotaka kujua dalili, dalili ni hizi, na kubwa kuliko zote ni pesa kwenda kwenye namba ya mtu. Pesa ya hifadhi haipokelewi na mtu. Getini hawachukui pesa taslimu, inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na ukiambiwa mfumo uko chini, ngoja urudi, hata kama ni kesho, hata kama unaambiwa vitanda vinakwisha. Vitanda havikwishi kwa sababu wewe umelala na pesa yako. Halafu kibali cha kupanda Kilimanjaro huuziwi wewe mkononi kama tiketi ya basi. Kinaombwa na kampuni ya utalii iliyosajiliwa, yenye leseni, ile watu wa kazi wanaiita TALA, na huwezi kupanda bila mwongozaji mwenye kitambulisho. Mtu asiye na kampuni hana kibali cha kukupa, hata akizijua njia zote na jina la kila kibanda. Omba jina la kampuni, omba leseni, nenda ofisini kwao ukaone watu na meza. Kibali ukikipata mapema, piga simu hifadhini uulize hiyo namba ni ya nani. Ingetosha dakika tano.

Na zile NIDA zetu bado anazo! Waliokuwa kwenye orodha, bonyezeni *106# mwangalie ni laini gani zimesajiliwa kwa jina lenu. Mkikuta msiyoijua, nendeni kwa mtoa huduma ifungwe leo leo, kabla hajamtapeli mwingine kwa jina lako na polisi wakaja kwako.

Sasa niulize wenye mamlaka. Laini zote nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole. Tulipanga foleni juani, tukabonyeza vidole, tukaambiwa ni kwa ajili ya kukomesha wezi hawa. Namba iliyopokea pesa yetu ina jina, ina kidole, ina sura kwenye kitambulisho. Basi mwenye kidole yuko wapi? Tumeripoti polisi, RB yao tunayo, namba zote mbili tumezituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Huyu ameghushi nyaraka ya serikali, amejifanya anafanya kazi na hifadhi, amechukua pesa za wajane na wastaafu. Sitaki kuambiwa "tunalifanyia kazi". Nataka afikishwe mahakamani, arudishe kila shilingi, na picha yake ibandikwe Marangu, Machame, Umbwe, Rongai, Londorossi, kila mahali mtu anapoingia mlimani, ili asipate tena pa kusimama na lile koti. Na yule mwanamke wa namba naye asijifiche kwamba alikuwa hajui. Pesa iliingia kwake, ilitoka kwake, anajua ilikwenda wapi.

Shemeji, najua unasoma. Hatukuhesabu kama mshirika wake, lakini ulimleta. Njoo kituoni utoe maelezo ulimjuaje na ulimkuta wapi. Ukikaa kimya wewe ndiye utakayeulizwa kwenye kikao kijacho, na mimi sitakutetea.

Mliokwisha kumlipa kwa ajili ya Desemba, na nimeshaambiwa kuna kikundi cha kwaya na kingine cha wafanyakazi wa ofisi moja, msisubiri siku ya safari ndipo mkagundue getini. Nendeni polisi sasa, mkatoe taarifa zenu, hifadhini ujumbe wa malipo, sauti alizorekodi, na hiyo karatasi aliyowapa. Msifute chochote kwa hasira. Anajua kubadilisha jina. Kwetu alijiita jina moja, kwa kikundi cha kwaya jingine, lakini koti ni lile lile la kijani na kovu liko juu ya nyusi ya kushoto. Mkimwona mahali amekaa na daftari la watu wengine, piga kelele hapo hapo, usione haya, kisha mpeleke kituoni akiwa mzima, ajibu kwa sheria. Nani anajua alipo, aniandikie kwa siri, jina lake sitalitaja.