Vifaa vya kunolea cheni ya chensoo: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Cheni butu huua chensoo nyingi. Fundi akiona msumeno haushuki, huukandamiza. Baa (bamba la chuma ambalo cheni huzungukia) inapata joto kali, kingo zake zinachongoka, klachi inaungua, na mwishowe lawama inaiangukia kabureta. Dalili husomeka mapema: ukikata gogo kwa kukingamisha, cheni kali hutema maranda manene, na cheni butu hutoa unga. Ukiona unga, zima injini unoe.

Vifaa sita vilivyomo humu tumevipanga kwa kuangalia kazi ya huku kwetu: misindano na mikaratusi ya Mafinga na Njombe, magogo yanayoburutwa kwenye udongo, na mbao zinazochanwa porini mahali ambapo hakuna umeme. Mtu mwenye karakana mjini anaweza kukipandisha kifaa namba tatu, mashine ya mezani ya umeme, hadi namba moja, na hatutabishana naye.

Kwanza ijue cheni yako

Tupa isiyolingana na cheni huharibu jino kila inapopita. Nyembamba mno huchimba ndoano chini ya makali: jino linauma sana mara chache, halafu ncha inavunjika. Nene mno huacha makali yamelala, na cheni inateleza juu ya mti. Kwa hiyo usimwambie muuzaji "nipe tupa ya chensoo". Mwambie kipimo.

Kwenye cheni za STIHL, namba ya kipimo imegongwa kwenye nundu iliyo mbele ya kila jino (ndiyo inayopanga jino lizame kiasi gani kwenye mti). Tupa zake ni hizi:

- 6 (inchi 3/8 P, cheni ya meno mafupi ya mashine ndogo kama MS 170 na MS 180): tupa ya mm 4.0
- 2 (inchi 0.325): tupa ya mm 4.8
- 3 (inchi 3/8, cheni ya MS 381): tupa ya mm 5.2
- 4 (inchi 0.404, cheni ya ile 070 ya kuchania mbao): tupa ya mm 5.5

Oregon na Husqvarna hutaka mm 5.5 kwa cheni nyingi za 3/8 kubwa, kwa hiyo soma boksi la cheni kabla hujalitupa. Kama boksi limepotea na namba imefutika, pima umbali wa ribiti tatu zinazofuatana, katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya tatu, kisha gawa kwa mbili. Ukipata karibu mm 8.25 ni 0.325, mm 9.3 ni 3/8, mm 10.3 ni 0.404. Cheni ya 3/8 P nayo hutoa mm 9.3, ila meno yake ni mafupi na membamba kwa macho tu.

1. Tupa ya mviringo na kishikio chake cha bati

Hiki ndicho cha kununua kwanza, na kwa mafundi wengi hakuna haja ya kingine. Kishikio ni bati linaloshika tupa na kulala juu ya jino na nundu yake. Kazi yake ni kuizuia tupa isizame: takribani sehemu moja ya tano ya unene wake ibaki juu ya uso wa jino. Mistari iliyochorwa kwenye bati huonyesha nyuzi 30. Ukiuweka mstari sambamba na cheni, umeshapata pembe. Tupa tupu bila kishikio inawafaa mafundi wenye mkono uliokwisha kuzoea, lakini hata wao, baada ya kunoa mara kumi, huanza kupotea digrii bila kujua.

Nunua seti yenye vitu vinne: tupa mbili za mviringo, kishikio, tupa bapa ya milimita 150, na kipimo cha bati cha kupimia nundu. Wauzaji wengi huuza tupa na kishikio tu. Usikubali, maana bila kipimo cha nundu utakuwa unanoa nusu ya jino. Tupa za Pferd, Vallorbe, Oregon au za STIHL zenyewe hushika vizuri. Ukiwa dukani viringisha tupa juu ya kioo cha kaunta: ikirukaruka imepinda. Kataa yenye kutu na ile iliyolundikwa na nyenzake bila karatasi, kwa sababu tupa zikisuguana zinanoleana vibaya. Kwa fundi wa kila siku, dazeni moja kwa boksi hutoka nafuu kuliko mojamoja.

Namna ya kuitumia:

Zima injini na iache ipoe. Safisha cheni kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, ikauke, kwa sababu mafuta huziba meno ya tupa. Bana baa kwenye jiriwa. Porini, kata mfereji kwenye kisiki, zima mashine, kisha ichomeke baa humo isimame. Kaza cheni zaidi kidogo kuliko inavyokuwa kazini ili meno yasiyumbe.

Tafuta jino fupi kuliko yote, anza nalo, na uhesabu mikupuo. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, inua, rudi. Tupa hukata ikienda mbele tu. Ukiiburuta kurudi nyuma unaila bure. Kwa cheni iliyochoka tu, mikupuo miwili au mitatu inatosha. Kwa cheni iliyogonga jiwe, noa mpaka ule mng'ao mweupe wa ukingo uishe wote, hata ikihitaji mikupuo kumi, kwani jino lenye mng'ao bado ni butu. Maliza upande mmoja, geuka, fanya upande wa pili kwa idadi ileile. Meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko ya pili, msumeno utakata kwa kupinda, na watu hudhani baa imepinda.

Kila ukinoa mara tatu au nne, pima nundu. Iwe chini ya makali kwa mm 0.65, au mm 0.8 kwa cheni ya 0.404. Inayochomoza juu ya kipimo ipunguze kwa tupa bapa, kisha liviringishe bega lake la mbele kama lilivyotoka kiwandani. Nundu ndefu ndiyo inayofanya cheni iliyonolewa vizuri ikatae kukata. Nundu iliyopunguzwa mno ni hatari zaidi: cheni inang'ang'ania mti, mashine inatetemeka na kurusha baa kuelekea usoni.

Wanaochana mbao kwa cheni maalumu ya kuchania wanoe kwa nyuzi 10, siyo 30. Ndivyo ubao unavyotoka laini.

Tupa ikianza kuteleza bila kutoa vumbi la chuma, itupe. Kuibembeleza tupa iliyokwisha ni kuchosha mkono na kulitia jino joto bila kulinoa.

2. Kinoleo cha pamoja

Hiki ni fremu yenye tupa mbili za mviringo na moja bapa. STIHL na Husqvarna wote wanakiuza. Kinanoa jino na kushusha nundu kwa msukumo mmoja, na anayeanza kunoa hawezi kukosea kirahisi. Kimekosa namba moja kwa sababu kila cheni inahitaji kipimo chake, tupa za akiba ni ghali na hazipatikani kila mji, na kwenye cheni ya kuchania pembe zake hazikusaidii. Kwa mwenye shamba anayekata matawi mara mbili kwa mwezi, kingekuwa cha kwanza.

3. Mashine ya mezani ya umeme

Inamfaa fundi anayenoa cheni za watu, tano au zaidi kwa siku, au za mashine zilizogonga misumari na mawe. Mvule una mawe ndani ya mti wenyewe, na cheni ikiyagonga hurudi na meno yaliyokatika ncha. Hapo tupa inachosha mno. Jiwe la mm 3.2 ni la 3/8 P na 0.325, la mm 4.7 ni la 3/8 kubwa na 0.404.

Kosa linaloharibu cheni hapa ni joto. Gusa jino kidogo, toa, gusa tena. Jino likigeuka buluu, ugumu wake umeharibika: makali hayadumu, na mara nyingine hata tupa inateleza juu yake. Kabla ya kufunga jiwe jipya, lining'inize kwa kidole na uligonge kwa mpini wa mbao. Likilia wazi ni zima, likilia bubu lina ufa na linaweza kupasuka likizunguka. Vaa miwani. Epuka mashine nyepesi ambayo mkono wake unacheza pembeni ukiutikisa dukani.

4. Fremu inayofungwa kwenye baa

Ina skrubu za kuweka pembe na urefu wa jino. Husawazisha vizuri meno yaliyopishana, lakini kuifunga na kuipanga kunachukua muda. Iwe ya nyumbani, siyo ya msituni.

5. Dreli ndogo ya volti 12 yenye jiwe

Huungwa kwenye betri ya gari na hunoa haraka. Jiwe lake huisha na kuwa jembamba, kisha linachimba ndoano ileile ya tupa ndogo. Nunua mawe ya akiba, na uyapime unene kwa kalipa (kipimo cha taya mbili).

6. Kinoleo cha kuzungusha kwa mkono

Hiki kiache. Kinakaa juu ya baa kwa skrubu nyepesi, kinayumba, na kila jino linapata pembe yake.

Kifaa chochote utakachochagua, angalia mstari mdogo ulio nyuma ya jino kwenye cheni zenye alama hiyo. Makali yakiufikia, au jino likibaki mm 3, cheni hiyo isinolewe tena. Osha vumbi la chuma kwenye cheni iliyonolewa, itie mafuta, na urekebishe ukazo kabla ya kuwasha.