Nissan Silvia S15 kwenye taimu ataki: uzoefu wangu wa misimu mitatu na turbo mbili

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine mnasoma hapa juu halafu mnapotea: gari tamu, injini inavumilia ukiiheshimu, ila ile turbo kubwa (feni ya kuisukumia injini hewa zaidi) niliyofunga msimu wa pili ilinichelewesha. Sijakosea kuandika. Farasi 480 kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari), halafu saa ya traki, yaani uwanja wa mbio, inaniambia niko nyuma ya muda wangu wa turbo ya kiwandani kwa sekunde 0.3. Siku ile nilipakia gari kwenye trela nikaondoka bila kumuaga mtu.

Kwa ambao hamjawahi kucheza huu mchezo, taimu ataki hamkimbizani. Hakuna wa kumpita, hakuna wa kukubania. Raundi ya kwanza unapasha tairi na breki, ya pili unamwaga kila ulichonacho, ya tatu unaendesha taratibu gari lipoe unarudi. Mpinzani wako saa, basi. Kule Tsukuba Japani raundi nzima ina mita 2,045 tu na watu wamehangaika miaka na miaka kushuka chini ya dakika 1 na magari kama haya haya. Mi nilivyoambiwa gari linatakiwa liwe sawa kwa raundi moja nikasema ah, hiyo mbona nyepesi, sio kama mbio za masaa. Kumbe kulifikisha likiwa zima kwenye hiyo raundi moja, tairi zina moto wake, oili iko kwenye joto lake na wewe mwenyewe akili imetulia, ndo shughuli yenyewe.

Gari sasa. S15 Spec R, zilitengenezwa kuanzia 1999 mpaka 2002, ndani kuna injini ya SR20DET, cc 1,998, pistoni upana wake milimita 86 na safari yake milimita 86 vilevile, farasi 250 za kiwandani, gia 6, uzito kama kilo 1,240, zinazosukuma ni tairi za nyuma. Uzito ndo ulionivuta. Farasi unaweza kununua kesho asubuhi ila uzito kuutoa ni jasho, na jasho nililitoa kweli, siti za nyuma, mazulia, redio, mpaka ile lami ngumu ya kuzuia kelele iliyoshikana na bodi kwenye sakafu. Hiyo lami ukiikwangua na patasi hivi hivi utalia. Unamwaga barafu kavu juu yake, unasubiri dakika chache inakakamaa, unagonga na nyundo inapasuka kama sahani. Fungua milango yote lakini, ule moshi wake ukijaa ndani ya gari hewa ya kuvuta inaisha. Jioni nzima napasua sakafu kama mtoto aliyeruhusiwa kuvunja vyombo, nadhani ndo siku niliyofurahi kuliko zote kwenye hili gari.

Keji ya mabomba, siti ya mbio, mkanda wa pointi sita, kizimamoto. Hapo sina maoni, funga tu.

Msimu wa kwanza niliiacha turbo yake ya kiwandani, nikaweka busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) bar 1.0, shokapu za kurekebisha, pedi za breki za mbio na tairi za kunata za Yokohama Advan A050. Nikapiga 1:14.6 nikajiona bingwa. Siku yangu ya tatu nikajisahau nikaunganisha raundi tano bila kupooza, nafika mwisho wa nyoosha nakanyaga breki, pedali inazama mpaka chini, laini kama nimekanyaga mkate uliolowa maji. Nikapampu mara mbili, nikateremsha gia, nikaishia kwenye kokoto huko nje. Gari halikugusa ukuta ila mi nilikumbuka sala zote nilizofundishwa utotoni. Chanzo? Maji ya breki ya zamani. DOT 4 mpya kiwango chake inatakiwa ifike angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka, lakini yale maji yanavuta unyevu wa hewani taratibu, yakishalowa kile kiwango kinashuka mpaka 155. Yangu yalikuwa na zaidi ya mwaka mle ndani. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu unayabana bure, hayasukumi pistoni ya breki. Uzembe wangu huo, sina wa kumlaumu.

Na uzembe mwingine, huu mbaya zaidi. Kuna kona moja ndefu ya kulia, unakaa umeegemea upande mmoja kama sekunde sita hivi, oili yote kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) inakimbilia upande mmoja na ile pampu inabaki inavuta hewa. Geji ya presha ya oili inatoka bar 4 inadondoka mpaka 1 na kidogo, kona ikiisha inapanda. Nikaiona raundi ya kwanza. Nikaiona ya pili. Nikajiambia itakuwa sensa. Wiki mbili baadaye injini inagonga tok tok tok ikiwa inaunguruma tu bila kukanyagwa mafuta, tunafungua sampu oili inang'aa ndani yake kama mtu amemwagia glita za kadi ya harusi. Zile glita ndo beringi za kwenye koni-rodi zangu, vile vyuma vinavyoshika pistoni. Injini ya pili nikaijengea sampu yenye vizuizi na vile vilango vinavyofunguka upande mmoja tu, oili ikija kwenye pampu inaruhusiwa, ikitaka kukimbia inazuiwa, nikaongeza na kipoza oili chenye thermostati. Geji haijadondoka tena. Kama una gari la hivi na tairi zenye gundi kama hizi, anzia hapo, kabla hata hujaangalia picha za turbo.

Sasa turbo. Nikiwa na injini mpya yenye pistoni za kufua (forged, ngumu zaidi) na koni-rodi ngumu nikasema mimi huyu siwezi kufunga tena kadude kadogo. Nikaagiza kubwa. Fundi wangu wa daino ni mzee mmoja hivi asiyependa maneno mengi, ni mtu makini, mchanganyiko wa hewa na petroli anauweka 11.5 kwa 1 kwenye busti, anasikiliza noki (mlio wa petroli kujilipukia vibaya ndani ya injini) kwa hedifoni huku kaangalia chini utadhani anasikiliza matokeo ya mpira. Akamaliza, akanionyesha grafu, akaniuliza,

"Kijana, ukitoka kwenye zile kona zako za gia ya tatu injini inakuwa kwenye ngapi?"

"Kama mizunguko elfu nne kwa dakika hivi mzee."

"Na hii inaamka kwenye ngapi?"

Nikaangalia. Elfu nne na mia nane.

"Haya. Hizo mia nane katikati utakuwa unafanya nini?"

Nikacheka, nikajua ni utani wa kizee. Nikalipa nikaondoka na karatasi yangu ya farasi 480, nikaipiga picha nikawatumia watu.

Trakini ndo nikajua alikuwa ananiambia nini. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, feni ikiwa kubwa inataka moshi mwingi ndo ianze kuzunguka vizuri, kwahiyo natoka kwenye kona nakanyaga, kimya, nahesabu moja, mbili, halafu nguvu yote inakuja kwa pamoja wakati usukani bado umekatwa. Tairi za nyuma zinateleza, naachia, nakata usukani upande wa pili, nakanyaga tena, zinateleza tena. Kwa nje inaonekana raha kweli, jamaa walikuwa wanashangilia. Nyumbani nikafungua data ya GPS, ule mstari wa pedali ya mafuta wa msimu wa kwanza ulikuwa kama ngazi, unapanda unakaa juu. Wa turbo kubwa ulikuwa juu chini juu chini kama sindano ya cherehani. Muda niliokanyaga mafuta yote kwenye raundi nzima ulikuwa mdogo kuliko nilivyokuwa na farasi 250 na ushee. Kwenye nyoosha nilikuwa napata spidi kubwa zaidi ya zamani, kwenye kila kona nairudisha na riba.

Msimu huo huo hosi ya intakula, kile kipoza hewa ya turbo, ilichomoka, klempu sikuikaza mwenyewe baada ya kufungua kusafisha. Pshaaa, halafu moshi mweusi nyuma kama lori bovu. Wenye gari lenye kipima hewa kule mbele mtaelewa, kompyuta imeshahesabu hewa iliyoingia ikamwaga petroli kwa hesabu hiyo, kumbe hewa nusu imepotelea njiani. Spana ya nane, dakika mbili, imekwisha, ila raundi yangu nzuri ya siku nayo ikawa imekwenda.

Kitu kingine nilichokuwa nakidharau ni joto la hewa yenyewe. Hewa ukiibana kwa bar 1.4 inatoka kwenye turbo ikiwa imevuka nyuzi 100 kirahisi, kazi ya intakula ni kuipooza kabla haijaingia ndani, hewa ya moto inaleta noki, kompyuta ikisikia noki inarudisha muda wa cheche nyuma, na farasi wako wanaondoka kimya kimya bila taa yoyote kuwaka. Nilikuwa napoteza nguvu raundi ya pili kila siku ya jua nikidhani ni mimi. Dawa haikuwa intakula kubwa zaidi. Ilikuwa ni kuziba mianya pembeni ya intakula na rejeta kwa bati na sponji ili upepo unaoingia kwenye bampa usipate pa kukwepea, lazima upite katikati yake. Kazi ya mchana mmoja na mkasi wa bati. Nilijisikia mjinga.

Msimu wa tatu nikarudi kwa mzee nikiwa mpole. Tukafunga turbo ndogo ya beringi za gololi, inaamka elfu tatu na mia nne, farasi 370 basi. Hakunicheka, aliniuliza tu kama nimekula. Siku ya kwanza trakini 1:12.9, mwisho wa msimu 1:11.8. Ila nisiwadanganye eti ni turbo peke yake, kwa kipindi hicho hicho nililaza tairi za mbele kutoka nyuzi 1.5 mpaka 3.5, nikaongeza upana wa tairi, nikajifunza presha (nikianza na psi 23 baridi zinarudi na 29 au 30, nikianza na 28 raundi ya pili naendesha kwenye sabuni). Nilibadilisha vitu vingi kwa pamoja, kwahiyo kila kimoja kilichangia kiasi gani siwezi kugawa.

Bawa la nyuma nalo nilikosea kwanza. Nililifunga bila kile kibao cha chini ya bampa ya mbele, nyuma ikagandamizwa vizuri, mbele ikabaki inaelea, kona za spidi nakata usukani gari linaenda moja kwa moja. Upepo unagandamiza mara nne spidi ikiwa mara mbili, kwahiyo kwenye kona za taratibu huoni tatizo lolote, tatizo linakusubiri kule ambako hutaki kukutana nalo. Kibao nimekichonga mwenyewe kwa plaiwudi, kinashikwa na vyuma vilivyofungwa kwenye chesisi sio kwenye bampa, nikisimama juu yake hakipindi.

Ile raundi ya 1:11.8 haikuwa hata na fujo. Nilianza kuitengeneza kwenye kona ya mwisho kabla ya mstari, nikaingia taratibu kuliko kawaida, nikakanyaga mapema, turbo ikanipokea pale pale, nikapita kwenye mstari tayari nina spidi. Kuna kona mbili nilijiona kama nimezembea kabisa. Nikarudi nikijua ni 1:13, jamaa wa kunishikia saa ananionyesha vidole sielewi anamaanisha nini.

Kwa sasa gari liko juu ya stendi, giaboksi iko chini, gia ya tatu inakwaruza nikiharakisha mkono na mkosaji ni mkono wangu. Turbo kubwa iko kwenye boksi lake chini ya benchi. Kuna jamaa mwenye gari kama langu ananisumbua nimuuzie, juzi nikamuuliza lile swali la mzee, ukitoka kwenye kona zako za gia ya tatu injini inakuwa kwenye ngapi? Akanijibu kama elfu nne hivi, halafu akaniuliza aje kuichukua lini.