Mkono wa mgonjwa wa kiharusi hauvutwi: uzoefu wangu na kliniki moja ya fiziotherapia Kisumu

Hasira haijaniisha, kwa hivyo mtanisamehe. Kliniki yenyewe siitaji. Ni ya ghorofani, mjini, safi, na wa mapokezi wana adabu. Bei na saa za kufungua ulizia mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu: msaidizi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, alimwinua Mama kutoka kwenye kiti cha magurudumu kwa kumvuta mkono wa kushoto, ule ule uliopooza.

Alimshika kifundo cha mkono, mkono wake wa pili akauingiza kwapani, akavuta. Mama akapiga yowe. Kuambiwa aache, akajibu bila hata kugeuka: "Madam, kazi hii tunaifanya kila siku. Subiri pale nje."

Kila siku! Basi ni mabega mangapi yameshaharibiwa mle ndani?

Kichwa cha mfupa wa mkono kinakaa kwenye kishimo kisicho na kina, na kinachokizuia kisishuke ni misuli zaidi ya kitu kingine chochote. Kiharusi kikiilegeza misuli ile, uzito wa mkono wenyewe unatosha kuuteremsha mfupa. Papasa chini ya ncha ya bega, utahisi pengo linaloweza kuingia kidole. Bega la namna hiyo ukilivuta, unazidi kunyoosha kile kidogo kilichobaki kulishikilia. Maumivu yanaweza kukaa miezi. Mgonjwa anaanza kukataa kuguswa, na mkono usiochezeshwa unakakamaa, vidole vinajikunja, hata kumvisha blauzi inakuwa vita. Ndiyo maana mkono huo hauvutwi, hauachwi ukining'inia kando ya kiti, na mgonjwa hainuliwi kwa kushikwa makwapa. Akiketi, mkono unalazwa juu ya mto au kibao cha kiti.

Kumhamisha mgonjwa ni kazi ya msaidizi hasa, tena anapaswa kuijua hata akiwa usingizini. Kiti kinasogezwa kitandani upande wa mwili wenye nguvu, kikiwa kimekaa mshazari kidogo, si sambamba kabisa. Breki zote mbili zinafungwa. Vikanyagio vinakunjwa na kuondolewa njiani, maana hivyo ndivyo vinavyochuna miundi na kuangusha watu. Mgonjwa anasogezwa mpaka ukingoni mwa kiti, nyayo zake zote zigusane na sakafu, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Anafungwa mkanda mpana kiunoni, na hapo ndipo pa kushika, mkandani, si mkononi wala kwenye suruali. Msaidizi anasimama mbele yake na kulizuia goti dhaifu kwa goti lake lisije likakunjika. Halafu mgonjwa anaambiwa ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, wanahesabu pamoja hadi tatu, anainuka. Anainuka yeye mwenyewe. Msaidizi anaongeza kile kinachopungua tu. Mkanda ulikuwepo pale, umening'inizwa ukutani. Nauona mpaka leo.

Sasa niseme ukweli wote. Kijana huyo huyo, alipofika kwenye zile reli mbili za kujifunzia kutembea, alifanya kazi safi. Alipima presha kabla. Alisimama upande dhaifu, nyuma kidogo, akatoa maelekezo mafupi na kumpa mgonjwa muda wa kujibu. Fimbo aliipima vizuri: mgonjwa amesimama wima, mkono unaning'inia, kishikio kinafika kwenye mkunjo wa kifundo, na akikishika kiwiko kinapinda kidogo. Akaiweka mkono wenye nguvu, ambapo wengi hukosea kwa kuiweka upande mgonjwa. Fimbo kwanza, mguu dhaifu, kisha mzima. Alikagua hata ile raba ya chini kama imelika. Kwa hapo ningempa nyota nne bila kusita.

Lakini pakiti ya joto, ule mfuko wa kukanda unaopashwa kwenye maji moto, ikanirudisha kwenye hasira. Pakiti hizo zinatolewa kwenye maji yanayozidi nyuzi 70, na zinafungwa tabaka sita hadi nane za taulo kabla ya kugusa ngozi. Mtu aliyepata kiharusi, au mwenye kisukari cha muda mrefu, anaweza asihisi kuwa anaungua. Ndiyo maana unampima kwanza kama anatofautisha moto na baridi, na baada ya dakika tano unafunua uitazame ngozi. Huyu alizungusha taulo moja iliyokunjwa mara mbili, akaenda zake kushika simu. Niliitoa mwenyewe.

Nilianza nikimlaumu kijana peke yake. Nikiendelea kufikiri, hasira inapanda ngazi. Msaidizi hapimi ugonjwa, hatungi mpango wa tiba wala haubadilishi. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayempima mgonjwa, anaandika malengo, na anasema lipi lifanywe na lipi marufuku. Msaidizi anatekeleza, anaangalia mgonjwa anavyopokea, na akiona maumivu mapya, kizunguzungu au presha iliyoruka, anasimamisha zoezi na kutoa taarifa. Huko Marekani, ambako kada hii ilianza kutoa wahitimu wake wa kwanza mwaka 1969, wasaidizi wenye leseni husoma chuo kama miaka miwili na kufanya mtihani wa taifa, na bado wanafanya kazi chini ya mtaalamu. Wapo pia wahudumu wa chini zaidi wanaofundishwa kazini tu, wa kupanga vitanda na kusukuma viti, na hao hawapewi tiba waifanye wenyewe.

Sasa pale kliniki, mtaalamu alikuwa wapi? Alikuja mwishoni, akatia sahihi faili akiwa amesimama, akasema, "Tunaendelea vizuri." Hakugusa bega. Hakuuliza yowe lilikuwa la nini. Kwenye faili palikuwa na maneno mawili, mazoezi na joto, basi. Hakuna mstari hata mmoja uliosema bega la kushoto limelegea, lishikwe hivi, lisivutwe. Kijana atajuaje kama hajaandikiwa? Ajue, ndiyo, hilo ni somo la mwanzo kabisa. Lakini aliyemwacha peke yake na mgonjwa wa namna ile ana hatia kubwa zaidi, na ndiye anayelipwa zaidi.

Kwa hiyo ukienda huko, au kwingine kokote kuanzia Nakuru mpaka Busia, uliza kabla ya kulipa: nani atampima mgonjwa, nani atamshika, na yule wa kwanza atakuwa chumba gani wakati wa pili anafanya kazi. Omba kuona leseni. Kenya kuna baraza la wataalamu wa fiziotherapia lililoundwa kwa sheria ya 2014, na leseni ya kweli haioni haya kutundikwa ukutani. Uliza pia kama wana mkanda, halafu tazama kama wanaufunga.

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota mbili kwa ajili ya zile reli na fimbo. Naziondoa. Mama bado hawezi kulalia upande ule, pesa za vipindi vilivyobaki wamezishikilia, na kila nikipiga simu mapokezi wananiambia kwa adabu ile ile kwamba meneja ametoka kidogo.