Siku nne kati ya Goma na Bukavu: ziwa, gorila na gari la wakala

Wakala aliyetuuzia safari hii ana ofisi ndogo katikati ya Goma, na ukutani ametundika picha kubwa ya gorila dume aliyeketi kwenye majani, manyoya yake marefu yakiwa yamelowa umande. Picha hiyo ndiyo iliyotushawishi, mimi na shemeji yangu aliyekuja kututembelea kutoka Lubumbashi, kulipa kwa mara moja safari ya siku nne: boti ya kwenda na kurudi juu ya Ziwa Kivu, malazi Bukavu, gari la kutufikisha Tshivanga, kwenye mbuga ya gorila, na Lwiro, kwenye kituo cha utafiti, pamoja na kijana wa kutuongoza. Ilikuwa Agosti 2023. Vita vilivyofika Goma na kisha Bukavu mwanzoni mwa 2025 vimebadilisha mambo mengi, kwa hiyo anayetaka kuifuata njia yetu aulize kwanza hali ya barabara na ya mbuga. Jina la wakala sitalitaja, kwa kuwa nimegundua baadaye kwamba wenzake wengi huuza mpango huohuo kwa maneno yaleyale.

Niseme mapema kwamba kupanda Nyiragongo, volkano ya karibu na Goma, hakukuwamo. Tangu mlima ulipopasuka tarehe 22 Mei 2021 upandaji ulisimamishwa, na wakala, kwa haki yake, hakujaribu kutudanganya juu ya hilo.

Tuliondoka asubuhi kwa kanoti, yaani boti ndogo ya mwendo wa kasi, ambayo hufika Bukavu kwa muda wa saa tatu hivi. Baharia aligawa majaketi ya kuokolea kabla kamba haijafunguliwa na akapita kuhakikisha kila mtu amelifunga lake, hata yule bwana wa suti aliyesema kwamba anajua kuogelea. Kasoro ya chombo ilikuwa televisheni yake, ambayo ilipigwa kwa sauti ya kutikisa viti. Kwa anayekwenda kusini ninashauri akae upande wa kushoto, kwa sababu kisiwa cha Idjwi humfuata kwa sehemu kubwa ya njia, na mashamba yake ya ndizi na kahawa yakishuka hadi majini. Upande wa kulia ziko pwani za Kalehe, na nyuma yake, siku ambayo hewa ni safi, Mlima Kahuzi. Siku yetu hewa haikuwa safi. Kiangazi cha Kivu huleta vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na milima ikageuka kivuli tu. Anayetaka picha nzuri aje mvua zinapoanza, akubali na matope yake.

Shemeji yangu alikuwa na hofu ya ziwa lenyewe, kwa kuwa alisikia huko kwao kwamba limejaa gesi. Ni kweli kwamba limejaa: metani na hewa ya kaboni zimeyeyuka katika maji ya chini, nalo ziwa lina kina kinachozidi mita 470. Lakini gesi hiyo imelala mbali chini, ikikandamizwa na uzito wa maji. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu na vikapu vyake aligeuka akamtuliza kwa Kiswahili chetu: “Papa, usiogope. Mazuku haiko huku katikati ya maji. Iko kule kwetu, mu mashimo, asubuhi.” Alikuwa sahihi. Mazuku ni hewa nzito inayotoka ardhini upande wa Goma na Sake, ikajikusanya mahali pa bonde usiku usipokuwa na upepo, na ikaua mbuzi au mtu bila kutoa harufu. Maelezo haya yalipaswa kutolewa na kiongozi wetu, ambaye wakati huo alikuwa amelala.

Bukavu huonekana vizuri zaidi kutoka majini. Rasi zake tano zimeingia ziwani kama vidole, na ile iitwayo La Botte, yaani buti, bado ina nyumba za zamani za Wabelgiji, wa wakati mji ukiitwa Costermansville. Juu yake vilima vimejengwa hadi hapana nafasi ya mti, na mtu haelewi nyumba ya juu inasimamaje bila kuiangukia ya chini. Malazi yalikuwa ya kuridhisha: kitanda safi, maji ya moto ya kuahidiwa tu, na kibaraza kinachotazama ziwa, ambacho kwa maoni yangu kilifidia maji.

Katika mpango kulikuwa na “matembezi ya ziwani”, nami nilitarajia boti yenye kivuli. Tuliletewa mtumbwi wa mbao na mpiga kasia mmoja, na hapo ndipo tulipopata faida ambayo wakala hakuikusudia. Saa kumi na mbili jioni wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, walikuwa wakitoka. Hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, na miti hiyo huchomoza mbele na nyuma kama miguu ya panzi. Wavu huning’inia katikati, taa huwashwa giza linapoingia, na wapiga kasia huimba kwa kupokezana ili kasia zote ziingie majini kwa pamoja. Tulikuwa karibu nao kiasi cha kusikia maji yakidondoka kwenye kasia kati ya ubeti na ubeti. Samaki wenyewe ni wageni hapa, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini leo ukimwambia mtu wa Bukavu kwamba sambaza si za kwao atakuona mgonjwa. Tulizila usiku huohuo, zimekaangwa kavu, pamoja na makemba, yaani ndizi za kupika, na pilipili.

Siku ya pili ilikuwa ya gorila. Gari tuliloahidiwa saa kumi na moja alfajiri lilifika saa moja kasoro, na baada ya kupita kijiji cha Miti gurudumu la nyuma likapasuka. La akiba lilikuwepo ila halikuwa na upepo. Vijana wa hapo kijijini walitutafutia pampu, tukafika kituo cha Tshivanga tukiwa wa mwisho, na walinzi wa mbuga walikuwa wametungojea bila kununa.

Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa 1970, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1980, na tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Gorila wake ni wa aina ya Grauer, wakubwa kuliko gorila wote, na hawapatikani nchi nyingine yoyote ila Kongo. Kiongozi wetu alikuwa ametembea na karatasi ya matangazo yenye picha ileile ya ofisini. Mfuatiliaji aliyetutangulia, mzee mfupi mwenye panga, aliitazama akacheka: “Huyu si wetu. Wetu ana nywele fupi. Huyu ni wa Virunga.” Virunga ni mbuga nyingine, kaskazini mwa Goma, yenye gorila wa milimani. Kiongozi alikunja karatasi na hakuitoa tena.

Tulitembea karibu saa mbili, mianzini kisha kwenye vichaka, mzee akisoma vinyesi na majani yaliyotafunwa kama mtu anayesoma barua. Tulipowafikia tulivaa barakoa, tukapewa saa moja. Dume lenye mgongo wa rangi ya fedha lilikuwa limelala chali likijikuna tumbo, na mtoto mmoja alikuwa akipanda juu ya mguu wake, akianguka na kupanda tena. Wakati wa kurudi mzee alituonyesha mti ambao babu yake alikuwa akichuma dawa, kwani familia yake ya Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huo, iliishi humo kabla ya kutolewa miaka ya 1970. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akaendelea kukata njia. Ada ya mbuga si ndogo kwa mfuko wa Mkongo, lakini kazi ya watu hawa inaistahili.

Kuhusu Lwiro wakala aliandika “saa moja, picha”. Huu ni ujinga. Kituo cha utafiti kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, na maktaba yake peke yake inataka asubuhi nzima. Kando yake, tangu 2002, kuna makao ya sokwe mtu na kima waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wafanyabiashara. Mama mtunzaji alikuwa amembeba mtoto wa sokwe mtu kifuani, akimnywesha maziwa kwa chupa, na kila alipojaribu kumweka chini mtoto alishika kola ya koti lake kwa mikono yote miwili. Tulikaa saa nne. Dereva alilalamika, nikamkumbusha habari ya gurudumu.

Tulirudi Goma kwa boti kubwa ya usiku, ambayo ninaipendekeza kuliko kanoti, mradi mtu alipe daraja lenye kitanda. Wiki iliyofuata nilimpelekea wakala malalamiko yangu kwa maandishi. Alirudisha dola 20 kwa ajili ya gari, akaomba radhi kwa adabu. Juzi nilipita mbele ya ofisi yake; gorila wa Virunga bado yuko ukutani, na chini yake pameandikwa “Karibu Kahuzi-Biega”.