Kadi za punguzo, Cost Plus na dawa za dola 4: uzoefu wangu wa kununua dawa Marekani

Huduma ninazozipima hapa ni tatu: kadi za punguzo la dawa (ninayotumia zaidi ni GoodRx), famasi ya mtandaoni ya Cost Plus Drugs, na orodha ya dawa za dola 4 ya maduka makubwa ya Walmart. Dawa zenyewe ni zile ambazo wengi wetu huku tunazimeza au tunawanunulia wazee: metformin ya sukari, amlodipine na losartan za presha, atorvastatin ya kolestro, na inhela ya pumu. Kwa vidonge vya jeneriki (nakala za dawa ambazo haki ya kampuni ya kwanza imeisha, sasa viwanda vingi vinazitengeneza), huduma zote tatu zinafanya kazi, na mara nyingi zinaishinda hata bima. Kwa dawa mpya inayotengenezwa na kampuni moja tu, punguzo la kadi ni la kukutania. Lakini kinachoshusha bei kuliko kadi yoyote ni jinsi daktari alivyoandika cheti, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwanza bima, maana watu wengi huamini kuwa ukishakuwa na kadi ya bima basi umefika. Bima nyingi za kazini zinakutaka utoe kiasi fulani mfukoni kila mwaka kabla hazijaanza kulipa. Mpaka ukifikie kiasi hicho, unalipa bei ambayo bima imekubaliana na famasi, na bei hiyo inaweza kuwa juu ya ile ya kadi ya punguzo. Au unaambiwa mchango wako ni dola 15 kwa dawa yoyote ya jeneriki, wakati dawa yenyewe bila bima ni dola 4. Zamani mikataba mingine ilimkataza mfamasia kukufungulia siri hiyo. Sheria mbili za shirikisho za Oktoba 2018 zilifuta makatazo hayo, ila hazimlazimishi kusema bila kuulizwa. Kwa hiyo uliza, kila mara: "Nikilipa bila bima ni kiasi gani?" Hakuna mfamasia atakayekushangaa.

Kadi ya punguzo hailipiwi chochote. Unaingia kwenye tovuti au programu, unaandika jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, umbo lake, idadi ya vidonge na msimbo wa posta wa eneo lako. Inakuletea bei za famasi za jirani, na bei hizo hupishana sana: maduka mawili yanayotazamana barabarani, dawa ile ile, moja linauza mara tatu ya lingine kwa kadi ile ile. Ukichagua duka unapewa kuponi yenye vitu vinne ambavyo mfamasia anavihitaji kuingiza kwenye mfumo wa malipo: misimbo inayoitwa BIN, PCN na Group, pamoja na namba ya mwanachama. Anapokwambia kadi haisomi, mara nyingi ameingiza BIN bila PCN, au ameacha bima yako iwe ya kwanza kwenye mfumo.

Ionyeshe kuponi siku cheti kinapotumwa, usisubiri siku ya kuchukua dawa. Ukiitoa dirishani wakati mfuko umeshafungwa, inabidi wafute madai waliyopeleka kwenye bima, waanze upya, na watu nyuma yako wanahema. Bei iliyo kwenye simu ikitofautiana na ya kaunta, kagua kwanza idadi na umbo la dawa kabla ya kulalamika. Kuponi ya vidonge 30 haitakupa bei hiyo kwa vidonge 28 au 60. Na kumbuka kuwa kuponi na bima havichanganywi katika malipo ya dawa moja: ni hiki au kile. Ulicholipa kwa kuponi kwa kawaida hakihesabiwi kwenye kile kiasi cha mwaka cha kutoa mfukoni. Kama unajua mwaka huu utafanyiwa upasuaji na utakifikia tu, piga hesabu upya. Huenda kulipa dola chache zaidi kupitia bima kukakufaa.

Sasa cheti. Mfano ninaopenda kuutoa ni metformin ya kuachia dawa polepole, inayoandikwa ER. Wengi hawajui kuwa kuna jeneriki zake za aina tatu. Moja inafuata dawa yenye jina la biashara Glucophage XR, na hiyo ni ya bei ya chini kabisa. Nyingine inafuata Fortamet, kwenye mifumo huonekana na herufi OSM. Ya tatu inafuata Glumetza, yenye herufi MOD. Ndani yake dawa ni ile ile. Kinachotofautiana ni ufundi wa kidonge unaoiachia tumboni. Hizo mbili za mwisho bei yake inaweza kufika mamia ya dola kwa mwezi, ilhali ya kwanza ni dola chache. Daktari akibofya mstari usio sahihi kwenye kompyuta yake, famasi itatoa kilichoandikwa, na mgonjwa ataondoka akidhani sukari ni ugonjwa wa matajiri. Dawa ni kumpigia daktari na kumwomba abadilishe iwe jeneriki ya Glucophage XR, kwa kipimo atakachokubali yeye.

Umbo nalo lina bei yake. Fluoxetine, dawa ya sonona, ya kapsuli ni rahisi; ya vidonge huwa ghali zaidi bila sababu ya kitabibu. Venlafaxine ya ER, nayo ya sonona, ni vivyo hivyo, kapsuli ndiyo ya bei nafuu. Tizanidine, ya kulegeza misuli, inageuka: hapo kidonge ndicho rahisi, kapsuli ndiyo ghali. Hakuna kanuni ya kukariri, ni kuingia kwenye tovuti ya bei na kubadilisha sehemu ya umbo uone namba inavyoruka. Kwa dawa mbili zilizounganishwa kwenye kidonge kimoja, tafuta bei ya kila moja peke yake pia. Utameza viwili badala ya kimoja, lakini jumla mara nyingi ni ndogo.

Halafu nguvu ya kidonge. Atorvastatin ya miligramu 40 na ya 20 mara nyingi zinakaribiana sana kwa bei, hivyo daktari anaweza kuandika ya 40 na maelekezo ya kumeza nusu. Kikatio cha vidonge kinauzwa dola chache famasi yoyote. Kisu cha jikoni kinavunja vipande visivyolingana na kutoa unga. Usikate chochote chenye ER, XR, SR au XL (zote ni alama za kuachia dawa polepole), wala kapsuli, wala kidonge chenye ganda la kulinda tumbo, kwa sababu dawa ya siku nzima inaweza kumwagika kwa mpigo mmoja. Warfarin ya kuzuia damu kuganda na dawa za kifafa usizikate kwa sababu ya bei. Levothyroxine ya tezi pia ina tabia yake: ukiruka kutoka kiwanda hiki kwenda kile kila mwezi kufuata bei, kiwango cha homoni ya tezi kwenye damu kinaweza kuyumba. Chagua kiwanda kimoja ubaki nacho, na kikibadilika mwambie daktari apime tena.

Cost Plus Drugs ilifungua duka lake la mtandaoni Januari 2022, ikiwa na jina la bilionea Mark Cuban mbele yake. Ninachokipenda ni kwamba hesabu yake iko wazi: bei waliyonunulia, wanaongeza asilimia 15, dola 5 za kazi ya famasi, na dola 5 za usafirishaji. Uwazi huo ndio unaokuonyesha lini inafaa na lini haifai. Chukua dawa ambayo wao wanainunua dola 3 kwa vidonge 30. Asilimia 15 inaifikisha dola 3.45, ukiongeza ada zote mbili ni 13.45. Hapo orodha ya Walmart inaishinda kwa bei. Sasa agiza vidonge 90 kwa mkupuo: dola 10.35 na ada dola 10, jumla 20.35, wakati kuagiza mara tatu kungekula 40.35. Dawa kadhaa zikiingia kwenye oda moja, usafiri unalipa mara moja, ingawa ile ada ya famasi inahesabiwa kwa kila dawa.

Inapong'ara hasa ni kwenye jeneriki za magonjwa mazito. Imatinib ya saratani ya damu waliitangaza kwa dola 47 kwa mwezi walipoanza, wakati bei ya kawaida ya rejareja waliyoilinganisha nayo ilikuwa dola 9,657. Kwa dawa ya namna hiyo, usipoteze muda na duka lingine kabla hujaangalia hapo.

Udhaifu wake ni wa kujipanga. Daktari lazima atume cheti kwao, na barua pepe aliyonayo ilingane na ile uliyojisajilia, la sivyo cheti kinaning'inia hakijulikani ni cha nani. Posta inachukua siku, hivyo mimi huagiza dawa zikiwa zimebaki za wiki mbili. Dawa zinazodhibitiwa na serikali, kama zile kali za maumivu, hawauzi. Antibayotiki ya kuanza leo usiku pia si ya kuagiza kwa posta. Hiyo nenda famasi ya mtaani na kuponi.

Walmart sina mengi: orodha ilianza 2006, dola 4 kwa siku 30 na dola 10 kwa siku 90, metformin ya kawaida na lisinopril ya presha zimo. Haihitaji bima wala uanachama. Angalia tu kama nguvu na idadi uliyoandikiwa ndiyo iliyo kwenye orodha, kwa sababu nje ya hapo bei ni nyingine. Costco, duka kubwa la wanachama, nayo inauza dawa za cheti hata kwa asiye mwanachama. Mwambie mlinzi wa mlangoni unakwenda famasi.

Kuna watu ambao hawapaswi kuanza na kadi hizi kabisa. Mwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, atumie Medicaid, mchango wake ni mdogo mno. Mzee mwenye Medicare Part D, sehemu ya dawa ya bima ya serikali kwa wazee, analipa insulini isiyozidi dola 35 kwa mwezi tangu 2023, na matumizi yake ya mfukoni kwa dawa zinazolipiwa na mpango wake yaliwekewa kikomo cha dola 2,000 mwaka 2025, kikawa 2,100 mwaka 2026. Akinunua kwa kuponi nje ya mpango, anajichelewesha kukifikia kikomo hicho. Na zile kuponi zinazotolewa na watengenezaji wenyewe wa dawa haziruhusiwi kwa Medicare wala Medicaid.

Asiye na bima anayetumia insulini ya kampuni ya Lilly aulize mpango wa kampuni hiyo wa dola 35 kwa mwezi. Kwa inhela, kampuni za Boehringer Ingelheim na AstraZeneca ziliweka kikomo hicho hicho cha dola 35 kwa mwezi mwaka 2024. Lakini mlango ambao watu wetu wengi wanaupita bila kuuona ni vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali kuu. Ada yao inapangwa kwa kipato na idadi ya watu nyumbani: aliye chini ya mstari wa umaskini wa shirikisho analipa kitu kidogo sana au hapewi bili, na punguzo la sehemu linafika hadi mara mbili ya mstari huo. Vituo hivi hununua dawa kwa bei ya 340B, mpango wa shirikisho wa punguzo la dawa uliopo tangu 1992, kwa hiyo famasi yao inaweza kuwa chini ya kadi zote nilizozitaja. Nenda na hati za mshahara au barua ya mwajiri, na uombe mkalimani wa Kiswahili unapoweka miadi. Ni haki yako na hulipishwi.

Kasoro mbili za kadi za punguzo ambazo lazima zisemwe. Ya kwanza ni faragha: Februari 2023 tume ya shirikisho inayolinda wateja, FTC, iliishtaki GoodRx kwa kupeleka taarifa za afya za watumiaji kwa Facebook, Google na wengine, na kampuni ikakubali faini ya dola milioni 1.5. Mimi hutafuta bei bila kufungua akaunti, nachapisha kuponi au naionyesha kwenye simu, basi. Ya pili: ukifuata bei, dawa zako zitatawanyika kwenye maduka matatu, na hakuna mfamasia atakayeona orodha nzima. Weka orodha moja kwenye simu, jina la jeneriki na miligramu, uionyeshe kila dirisha.

Wazazi wanaokuja kutembea kutoka Dar au Nairobi waje na dawa zao za hadi siku 90, kwenye pakiti zake za asili, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza. Zikiisha na ikabidi kutafuta bei huku, baadhi ya majina yatakukwamisha: salbutamol huku inaandikwa albuterol, glibenclamide ni glyburide, na paracetamol ni acetaminophen. Cheti cha nyumbani famasi za huku kwa kawaida hazikipokei, hivyo jumlisha gharama ya kumwona daktari wa hapa kabla ya kufurahia bei ya kuponi.